Nyayo Tisa za Kuingia

Jumatatu, 4 Machi

Salamu, daftari. Mimi nimezoea barua tu, sijui kuanza bila salamu. Mama mkwe hajambo, ila magoti. Baba watoto hajambo. Kitinda mimba hajambo, jino linamcheza. Binti yangu mkubwa, aliyenipa daftari hili, mzima — mdomo kama cherehani! Kasema: mama, andika yale unayomeza.

Haya. Sisi ni watu wa nyayo mbichi. Tukikanyaga, hata na viatu, unyayo wa maji unabaki. Haukauki mpaka ufutwe. Sheria ya wakavu: futa nyuma yako. Kila mmoja wetu ana tambara kiunoni. Mimi ndiyo kazi yangu pia, nasafisha kituo cha polisi.

Jumanne, 5 Machi

Binti katoka bila tambara! Nikamkimbiza nalo. Umesahau, mwanangu. Hajasahau, anasema. Kwani wao wakipita wanafuta? Bibi yake akamwambia utatuua kwa presha. Akacheka, akaenda.

Nikafuta nyayo zake mpaka kona ya duka. Mwenye duka: “Chura mama anamfutia chura mtoto!” Nikatabasamu. Sijui kwa nini nilitabasamu.

Jumatano, 6 Machi

Hajarudi. Shuleni hakufika. Tungefuata nyayo — nimezifuta mwenyewe mpaka dukani, na za mbele kuna aliyezifuta. Mikono hii!

Baba watoto kaenda kituoni. Sajenti kamwambia hakuletwa msichana hapa, kamtafute kwa mabwana zake. Karudi, kakaa kitandani na viatu vyake.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeziona.

Sajenti kaniambia nisafishe korido ya nyuma, ambayo huwa siruhusiwi. Nyayo tisa. Kutoka mlango wa uani mpaka chumba cha mwisho, chenye kufuli. Za kutoka hakuna hata moja. Mguu wa kushoto kidole kidogo hakigusi chini — ni wake. Nimezifuta tangu anajifunza kutembea, nisizijue?

Nikasema sabuni imeisha, afande. Uongo wangu wa kwanza kazini. Akasema: “Basi kesho. Saa nne mkubwa anakuja, asikute tone.”

Nimegonga mlango ule kidogo. Kimya. Au nimegonga kidogo mno.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika stoo, juu ya ndoo. Saa nne kasorobo. Baba watoto kaenda kumleta mwalimu mkuu, mkavu, wao watamsikiliza. Aone kwa macho yake. Hawajafika. Nyayo zikifutwa tutasema nini? Chura kaota?

Sajenti anaita. “Wewe mama, unazaa huko?” Wenzake wanacheka.

Naja, afande.

Mwanangu, bibi yako anatungoja, mdogo wako kang'oka jino, kalifunga kwenye karatasi, anataka ulione wewe kwanza.

Natoka. Tambara naliacha humu stoo. Nitasimama juu ya nyayo zako mpaka waje. Mwanangu, ukisikia viatu vyangu hapo mlangoni, gonga. Hata mara moja. Upesi.