Ua Nilionunua Kansanga

Jumamosi, jioni. Mvua imetishia tangu asubuhi na mpaka sasa haijanyesha. Nimekunywa chai vikombe vitatu.

Leo nimekuta watu wanachimba kaburi katika ua wangu.

Naandika tena ili niamini mwenyewe: kaburi, katika ua wangu, mbele ya chumba namba nne.

Nilikuwa nimekwenda kuangalia bati linalovuja, basi. Miezi saba sasa tangu ninunue mizigo hii minne, kama Waganda wanavyoviita vile vyumba vya kupanga vya mlango mmoja mmoja, baada ya miaka mingi ya kuuza chupa za chai kwa jumla kule sokoni Kikuubo. Mwenye nyumba! Jina hilo nilikuwa nalifurahia kimyakimya, kama mtu aliyevaa viatu vipya. Leo nafungua geti nakuta sementi imevunjwa, vijana wanne wenye sururu wamo shimoni hadi kiunoni, na wanawake wamekaa kwenye mikeka wakilia.

Nilidhani nimekosea geti. Nilitoka nje kuangalia, wallahi.

Mpangaji wangu wa chumba cha tatu, Mama Opio, ndiye aliyenishika mkono na kunieleza. Mzee Kato alifariki juzi. Mzee Kato ndiye aliyeniuzia mahali hapa. Aliacha neno kwamba azikwe kando ya mama yake.

Nikauliza mama yake yuko wapi. Mama Opio akaangalia chini, penye miguu yangu.

Niliruka pembeni kama nimekanyaga makaa.

Nilikuwa nimeisifia sana ile sementi siku ya kununua. Ua safi, hakuna tope, nikasema mzee huyu anajua kutunza mali. Kumbe aliimwaga wiki moja kabla ya kuniuzia. Na mimi, kwa ujuaji wangu, nikafunga kamba ya nguo juu yake, halafu nikanuna kwamba wapangaji hawana shukrani kwa sababu hakuna aliyeanika hata soksi. Walikuwa wanajua. Mtaa mzima ulikuwa unajua.

Mkataba ulikuwa mkobani. Niliutoa, nikamwendea mwenyekiti wa mtaa, ambaye muhuri wake umo kwenye karatasi ileile, naye amesimama na waombolezaji. Nikamwambia asimamishe jambo hili. Hakupandisha sauti.

"Mama, hapa kila mtu alijua. Wewe uliuliza maji, uliuliza umeme, uliuliza choo. Ya makaburi hukuuliza."

Kuuliza si ujinga, na mimi nilijiona mjanja. Lakini ningewazaje? Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi. Nyumba yetu ilikuwa ya serikali, baba akihamishwa nasi tunahama. Akifa mtu kambini, anasafirishwa kwao kaskazini. Sijawahi kuishi mahali ambapo babu amelala nyuma ya jiko. Kwa Waganda wengi hilo ni jambo la kawaida kabisa. Kwangu ua ni mahali pa kuanikia nguo.

Nikampigia baba. Nilitaka aniambie nipige simu kituoni, nilete askari. Akatoa amri kama zamani: "Usishindane na maiti. Wakimaliza, ndipo mzungumze."

Nilikuwa na hasira, nakiri. Nilihesabu kichwani: nani atapanga hapa tena? Nani atanunua siku nikitaka kuuza? Yote niliyoyachuma yamo kwenye ua ule, na sasa yanachimbwa. Ningeweza kupiga kelele, na karatasi ingenilinda. Nilikuwa nimefungua mdomo kabisa.

Ndipo Ssenga, shangazi wa marehemu, mwanamke mzee mno, akainuka kwenye mkeka na kunijia. Alipiga magoti mbele yangu. Mtu wa umri wa bibi yangu, magotini, kwangu mimi. Akasema kwa Kiswahili cha kubahatisha:

"Mwanangu, nyumba ni yako. Hatuna maneno. Tupe tu pahali ya huyu."

Nilimwinua. Nikatikisa kichwa kukubali. Wakamshusha saa tisa, nami nikatupa udongo wangu kama wengine. Mzee Kato alinidanganya, na bado nililia. Sijielewi.

Mama Opio amesema haondoki. Wa chumba cha kwanza hajasema kitu.

Wakili nitamwona Jumatatu, hilo sijaliacha. Kesho fundi anakuja kurudisha sementi. Nimemwagiza asifunike tena watu, apite kando yao. Akaniuliza, kando ya wapi, mama? Wako wangapi?

Sijui. Kesho, kabla hajachanganya mchanga, itabidi nikapige magoti kwa Ssenga nimuulize.