Msuko wa Saturnina

Sucre, 11 Machi 1998

Bibi Saturnina,

Hujambo, na mguu uliovunjika unaendeleaje? Sisi huku makao ya watoto tu wazima. Mimi ni Nelva, mwalimu ninayesimamia masomo ya watoto wa hapa. Mjukuu wako Delfina alipoletwa, wewe ukiwa hospitalini, alikuwa na chawa, nikamnyoa. Tangu siku hiyo hajatamka neno. Penseli haishiki. Shule inataka kumwondoa, eti hafundishiki. Nimewasihi wamwache, nakaa naye dawati la nyuma. Bibi, ana nini mtoto huyu?

Wako,
Mwalimu Nelva

*

29 Machi

Mwalimu,

Salamu nimepokea. Mguu unauma, usiniulize tena. Anayeandika ni jirani yangu Eulogia, muoka mikate. Mimi kalamu naijua kwa kuiona tu. Nimemwambia asilainishe hata neno moja.

Umemnyoa! Nani alikutuma? Chawa hutolewa kwa kitana, hukulelewa na mama wewe? Nywele zile hazikuguswa na mkasi tangu azaliwe. Kwetu mtoto hukatwa mara ya kwanza watu wamekaa, pombe ya mahindi imemiminwa, kila mmoja anakata shungi na kuacha zawadi. Tulikuwa tunamngoja mama yake, binti yangu Rosenda, arudi kutoka kuvuna vitunguu Ajentina. Alimwambia mwanawe pale mlangoni, "Siku ya kukatwa nywele zako nitakuwepo." Mtoto akazitunza kama watu wanavyotunza kondoo. Sasa hazipo. Mama aje kufanya nini?

Huyo si mjinga. Ana msiba.

Na jambo jingine. Aliyeshika mkasi wa kwanza ni mama wa pili, apende asipende. Basi wewe ni komadre wangu, mzazi mwenzangu, ingawa hujaniletea hata mkate. Na mama wa pili hamwachi mtoto dawati la nyuma.

Bibi yake Delfina

*

14 Aprili

Komadre Saturnina,

Pokea heshima zangu. Mguu siuulizii. Barua yako niliisomea chooni, watoto wasinione nikilia. Nimemwomba Delfina msamaha, akageukia ukuta. Zile nywele zilichomwa moto, komadre. Nifanye nini?

Komadre wako,
Nelva

*

3 Mei

Komadre,

Habari za huko, na unakula? Leo sikutukani. Machozi ya chooni nimeyapokea.

Fungua kitambaa. Huo ni msuko wangu. Eulogia aliukata huku akipiga ishara ya msalaba, ananiambia, "Satuka, watu watadhani umefiwa." Nikamwambia kata, bibi wewe, mkasi wako mgumu kama mikate yako.

Nywele za mtoto zikianza kuota, msukie huo, ufunge kwa uzi mwekundu. Mwambie siku haijapita. Nywele za kukatwa zipo, ni za bibi yake. Rosenda asipokuja, mkasi nitashika mimi. Delfina kazi yake ni kusoma. Akishajua, barua za nyumba hii atanisomea yeye, si mtu mwingine.

Komadre wako mwenye kipara

*

Sucre, 2 Agosti

Komadre mpenzi,

Natumaini uko mzima. Anasema! Nilipomaliza kufunga uzi alishika ule msuko, akauliza, "Bibi atalala na kichwa cha baridi?" Tangu hapo hanyamazi. Anasoma vibao vya maduka yote njiani. Shule imekubali kumbakiza, na dawati lake ni la mbele.

Lakini nilikuandikia Julai na hukujibu, kwa hiyo narudia. Watoto wasiotembelewa na ndugu watahamishiwa makao mengine, mbali sana, huko mabondeni mashariki. Lori litaondoka tarehe ishirini. Nimepiga kelele, nikaambiwa mimi mfanyakazi tu, si ndugu. Nikawaambia nilimkata nywele za kwanza. Wakacheka.

Akifika ndugu mmoja tu kabla ya siku hiyo, Delfina anabaki. Njoo, komadre. Hata kwa kubebwa.

Nelva

*

24 Agosti

Komadre wangu,

Mu wazima wote? Huku baridi kali, viazi vya akiba tumevianika nje usiku, vinaganda vizuri.

Anayeandika leo ni Casiano, dereva wa lori la viazi, na hata injini hajazima. Eulogia amehamia kwa mwanawe Potosí tangu Juni. Barua zako mbili nimezipata. Casiano amenyoosha mkono azifungue, nikamchapa vidole. "Mama, labda ni jambo la haraka," ananiambia. Nikamwambia haraka ni yako na viazi vyako. Zile zina mwenyewe. Nimeziweka kwenye chungu cha mbegu, panya hawafiki, na kila jioni nazitoa nazipapasa. Nono kweli! Mtu haandiki nono hivyo kama mtoto hajaanza kusema.

Mwambie atakapokuja anisomee kwa sauti, sikio la kushoto limekufa. Mwanakondoo wa zawadi yake nimeshamchagua, mweusi, mkorofi kama yeye.

Mguu umepona. Jana nimetembea hadi darajani nikarudi bila fimbo. Mkinihitaji huko, niiteni tu. Nitakuja siku hiyo hiyo.

Bibi yenu,
Saturnina