Taa Iliyorudi kwa Gunia

Jumamosi, 2 Novemba

Imeingia! Kile kipande cha kioo nilichookota mtaroni pale baba alipogongwa na gari baridi iliyopita — kimeingia kwenye taa kama jino kwenye ufizi wake. Nimekitoa. Nikakirudisha. Kinakaa.

Taa imetoka kwenye gunia lililoletwa kutoka mji wa Zarka. Taa zilizovunjika hazitupwi. Watu wa skrepa wanazijaza maguniani, wanatuletea huku Mafraki, tunazifungua, tunatoa spring na skrubu, tunatengenezea nyingine. Nimemwaga gunia chini, nikaiona. Taa ya mbele ya pikapu, ya kushoto. Hata kabla ya kujaribu kioo niliijua gundi. Gundi yangu! Mimi nikifunga taa napitisha kidole kabla haijakauka. Na kwenye tundu la kupumulia naweka sponji nyekundu, maji yasiingie. Hapa Mafraki hakuna mwingine anayeweka. Tajiri wangu Abu Sakhri ananicheka kila siku: "Hayil anazivisha taa chupi."

Sponji ipo. Hii taa niliitengeneza mwenyewe, mwaka jana, iliingia maji. Ya Haji Turki.

Haji Turki jirani yetu! Alibeba jeneza la baba begani!

Naweka kalamu chini. Basi.

Jumapili, 3 Novemba

Taa nimeificha nyuma ya gunia la mchele. Sijamwambia mtu. Nimwambie nani? Mimi nikiulizwa jina langu tu naangalia viatu.

Nimepita mbele ya nyumba ya Haji. Pikapu ipo. Taa ya kulia ya njano kama macho ya mgonjwa wa ini, ya kushoto nyeupe, safi. Tangu baridi ile napita hapo kila siku — mimi, fundi taa! — sikujiuliza. Alisema mbuzi aliirukia. Tukacheka. Mama akamwambia, Mungu akufidie.

Na mwokaji mikate alisema. Alfajiri ile gari lilipita mbio na jicho moja. Polisi wakaandika, wakaenda zao.

Kugonga hakuniumi sana. Kulikuwa na ukungu, baba kavaa joho jeusi anaenda kuswali. Mtu anaweza kugonga. Lakini kwetu aliyegonga ana njia! Anakusanya wazee, wanakuja kwako, kahawa inawekwa mbele yao na hainywewi mpaka yasemwe. Aseme: mimi ndiye. Nisameheni. Tungesamehe. Baba mwenyewe alishasamehe watu namna hiyo, akawaambia kunyweni kahawa yenu.

Huyu alikuja matangani akanywa. Hakuweka kikombe chini. Alikunywa! Mimi ndiye niliyemmiminia. Akatikisa kikombe, "Yatosha, mwanangu."

Haijatosha.

Jumanne, 5 Novemba

Haji kaja mwenyewe karakana. Na pikapu.

"Hayil, mwanangu! Nisugulie hii ya njano ifanane na mwenzake. Ijumaa nakuja kwenu na wazee, siwezi kuja na gari chongo."

Abu Sakhri akacheka. "Anayeoa ni Rakani au pikapu?"

"Ukienda kuposa lazima ung'are! Hata wewe ukaoge, maana utakuwa nyuma yangu."

Posa! Wanamposea Rakani, mwanawe. Wanamtaka Wadha, dada yangu. Kumbe mtaa mzima unajua, na mama anajua, na ami Dhiyab, ndugu wa baba, ameshawapa siku. Mimi tu ndiye sikuambiwa.

"Mbona kimya, shemeji wa Rakani?" Haji akaniuliza.

"Huyo mwache," akasema Abu Sakhri. "Huyo siku yake atamposa mtu kwa ishara."

Wakacheka wote wawili. Nikachukua msasa wa maji. Nikaanza na ule mkali, taa ikawa nyeupe kama maziwa, huwezi kuona ndani. Kichwani mwangu mambo mabaya. Nilegeze balbu kidogo tu. Barabara ya kushuka Jerashi ina kona — waya ukiachia kwenye kona… Vidole vilishafika kwenye soketi. Vilishafika kabisa.

Halafu nikakumbuka anayeendesha usiku siku hizi ni Rakani. Rakani hajagonga mtu. Na kingine — akifa Haji, atabebwa kama baba alivyobebwa, watu watalia, watasema alikuwa mtu mwema. Hapana! Nataka aishi.

Nikauliza. Sijui sauti niliitoa wapi.

"Ile ya kushoto ulibadilishia wapi, ami?"

"Si nilikwambia, yule mbuzi…"

"Wapi?"

"Zarka."

Abu Sakhri akaruka. "Zarka! Na sisi tupo hapa mlango kwa mlango? Umetutukana, Haji!"

"Nilikuwa na safari, bwana wee."

Anatabasamu. Lakini mkono umeingia mfukoni unatafuta tasbihi. Niliuona.

Kaenda mbali ili asionekane. Hakujua taa mbovu zote zinarudi kwetu.

Nimesugua kwa msasa laini, nikapaka vanishi. Nimeitengeneza vizuri kuliko zote za mwaka huu. Nataka watu waone zote mbili. Halafu nitawaonyesha ya tatu.

Alhamisi, 7 Novemba

Mama anafua mapazia. Wadha anaimba jikoni. Anampenda Rakani, hata kipofu anaona.

Nimemkata koo mtu mara ngapi leo kichwani. Na kila mara dada yangu amesimama hapo anaimba.

Ijumaa, 8 Novemba

Wadha ameiona. Alikuja kuchota mchele.

"Nini hii umeficha? Kazi mpaka nyumbani?"

Nikachukua kile kipande nikakipachika. Nikamwambia kilipookotwa. Nikamwambia taa ya nani. Maneno machache, lakini yote.

Akakaa juu ya gunia la mchele. Nikasema nitaitupa kisimani. Ukisema nitupe, naitupa sasa hivi, utaolewa, sitasema mpaka nife.

Akaniuliza, "Rakani anajua?"

"Sijui."

"Basi leo nitajua."

Akainuka, akachukua taa. Nikadhani anaenda kuivunja. Ameiosha! Kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akaifuta kwa ushungi wa mama — hapana, kwa kitambaa kile kipya alichonunulia wageni. "Usiwapelekee na vumbi," akasema. "Waione vizuri."

Nikamwambia siwezi. Dele la kahawa liko mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia, ndivyo kahawa inavyomiminwa. Sina mkono wa kubebea taa.

Akasema, "Mkono wa tatu ni mimi."

Kwenye baraza la wanaume! Mwanamke, mchumba mwenyewe! Haijatokea.

Wamefika. Nasikia milango ya magari. Nasikia Haji anamsalimia ami Dhiyab kwa sauti ile nene. Wamekaa. Mpango ni huu — nimmiminie Haji, aweke kikombe chini bila kunywa, kama desturi ya posa, aseme ombi lake. Hapo hapo, kabla ami hajajibu, Wadha aweke taa kando ya kikombe.

Watoto wa ami wapo wote. Mmoja ana bastola kiunoni. Hilo nimeliona sasa hivi dirishani, sikulifikiria kabla.

Ami ameita mara ya pili, "Hayil! Kahawa iko wapi?" Niende, kahawa imechemka inamwagika na Wadha ameshashika sinia yenye taa yuko mlangoni, hanisubiri