Jina la Okello Kwenye Daftari la Hitma

Mpendwa Baba,

Nimeharibu, na wa kumwambia sina ila wewe.

Unalikumbuka daftari lako la jalada la kijani, lile la majina ya marehemu wetu? Kila mwaka kwenye hitma ya Babu ulilifungua pale sebuleni Kisenyi, gereji za jirani zikigonga mabati, ukasoma jina moja moja nasi tukaitika amina. Jicho langu lilikuwa kwenye sinia la mandazi. Ukaniona, ukasema, "Wewe, ombea watu kwanza. Mandazi haikimbii."

Mvua za mwaka huu ziliingia ndani, daftari likalowa. Niliogopa majina yatapotea. Nikajiunga na mtandao mmoja wa kutafuta nasaba, nikakaa kwenye duka la kuchapa Wandegeya asubuhi nzima nikiyaingiza. Mtandao ule haupokei jina lisilo na undugu. Nilipofika kwa Ibrahim Okello nikaona penseli yako pembeni: "baba wa Zaina." Nikajaza hivyo hivyo. Shangazi Zaina, aliye hai, anayejijua kuwa dada yako wa damu, nikamweka chini ya baba mwingine mbele ya dunia nzima.

Maneno yako ya hospitali nimeyakumbuka nikiwa nimeshachelewa: "Hii jina ya Okello inasomwa tu. Hakuna kueleza mtu."

Mwanamke wa Gulu aliyeliona jina hilo mtandaoni ameniandikia. Okello alikuwa kaka wa bibi yake, askari aliyesilimu, akafariki na kumwacha mtoto mchanga mikononi mwa askari mwenzake hapa Kampala. Huyo mwenzake ni Babu. Wamemtafuta mtoto huyo miaka yote. Anataka namba ya Shangazi.

Nilifuta kila kitu siku ile ile, lakini watu nisiowajua walishanakili. Jirani yangu hapa Kisugu akanitia hofu nyingine: eti kuna makanisa yanayochukua majina ya marehemu mtandaoni na kuyabatiza. Usingizi ukanipaa. Mtu alisilimu kwa hiari yake, halafu mimi ndiye nimpeleke kwenye maji ya watu?

Nilimwendea sheikh. Akaniambia marehemu ameshakwenda na imani yake, hakuna wa kumbadilishia. Kisha akaongeza, "Lakini shida yako si huyo amekufa, ni huyu mzima. Dini inataka mtoto aitwe kwa baba yake."

Wewe ulisema nisieleze. Sasa nimsikilize nani? Nimekukasirikia pia, Baba. Kama ilikuwa siri, penseli ya nini?

Hitma ni Ijumaa hii. Shangazi alinipigia jana: "Usichelewe, mwanangu. Na hiyo daftari usome polepole, masikio yangu imechoka."

Yule mwanamke ametuma picha. Okello anacheka, na mwanya wake ni ule ule wa Shangazi. Nimeichapisha na kuiweka ndani ya daftari, penye jina lake, kwa kuwa sikujua pa kuiweka. Nikifika hapo Shangazi ataitika amina kama kila mwaka, akimwombea baba yake bila kujua ni nani. Naye hukaa karibu nami, Baba, ubavuni kabisa, ili asikie vizuri.

Mungu akulaze pema. Niombee nawe huko uliko.

Binti yako, uliyemwachia daftari