Baba, Nani Ataniosha Mguu?

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako siisikii tena, lakini nikianza bila shikamoo utaniona sina adabu, na adabu ndiyo iliyotugombanisha mimi na wewe tangu nina miaka sita.

Unakumbuka? Nilikuwa nimekaa mkekani, pale barazani kwetu Pangani, juzuu yangu imeteleza mbali. Mikono yangu hii, tangu kuzaliwa hainitii, inaruka inakotaka yenyewe, ikashindwa kuifikia. Nikaivuta kwa kidole gumba cha mguu. Loo! Kofi lilitua mguuni hapo hapo. "Mguu haugusi elimu!" ukasema. Nililia mpaka kwikwi. Tangu siku hiyo nikawa naficha miguu chini ya kanga kama kitu cha wizi, na wewe na Mama mkaendelea kunibembeleza niandike kwa mkono.

Miaka ikaenda. Mwalimu wa watoto wenye ulemavu akatuletea kompyuta kutoka Tanga mjini, na vifaa vyake: kibodi yenye vitufe vikubwa kama vipande vya sabuni, na kipanya kisichosukumwa. Kimekaa pale pale, kina mpira mkubwa juu yake. Unauzungusha tu, mshale unatembea kwenye kioo. Tulifurahi, wallahi. Lakini mikono ni ile ile. Nikiulenga mpira, napiga ukuta. Mwezi mzima unaniambia, "Pole pole, mwanangu," na mimi nimeshachoka na hiyo pole pole.

Siku moja umekwenda kununua ngozi ya kushonea makubazi yako, nikavisukuma kibodi na kipanya kwa kiwiko mpaka vikaanguka mkekani. Kusudi. Nikaweka mguu. Baba, mshale ulikwenda nilikoutaka! Sijawahi kufurahi vile. Nimeshaandika nusu ya jina langu, nikainua macho, umesimama mlangoni.

Nilingoja kofi. Wewe ukaweka ngozi chini, ukaja na kipande cha boksi na kalamu ya risasi. "Simama, shika dirisha. Usikunje vidole." Ukanichora mguu kama mteja aliyekuja kuagiza makubazi.

Na ukakosea, fundi mzima! Kisanduku ulichotengeneza ili nitie kibodi na kipanya visiteleze, vidole vyangu havikufika hata kwenye mpira. Ulinipima nimesimama, na mimi nafanya kazi nimekaa. Nikakucheka sana. "Miaka yote napima miguu ya kutembea," ukasema, "wa kuandika ndio huu wa kwanza." Ukakivunja, ukanipima upya nimekaa, ukanitilia kipande cha tairi cha kuegemeza kisigino. Cha pili kikakaa sawasawa.

Kabla sijaanza, ukaleta beseni. "Mguu ukienda kwenye elimu, uende safi." Ukachuchumaa, ukaniosha mpaka katikati ya vidole, ukanifuta. Ikawa kila asubuhi. Hukuniomba radhi kwa lile kofi, na mimi sikukuuliza. Nilijua.

Mama hakupenda kabisa. "Mtoto wa kike anaandika kwa mguu, wageni wakituona?" Nikianza kazi, yeye anakwenda zake uani. Walimu wakaanza kunitumia mitihani niwachapie, wa hapa Pangani mpaka Mkwaja, na Mama hajawahi kuja kutazama.

Sasa nikwambie ukweli. Tangu tukuzike sijakigusa kile kisanduku. Walimu wakiuliza, nawajibu naumwa. Uongo mtupu. Sikuwa na wa kuniosha mguu, na kuuweka pale bila kuoshwa niliona nakutukana. Jana mwalimu mmoja kaandika, kwa upole, kwamba mtihani wake usipokuwa tayari Jumatatu, kazi zao zote watampa mtu mwingine. Mama ndiye anayenishikia simu, akanisomea mwenyewe. Mimi nililala nimeshakata tamaa, Baba, maana bila kazi hiyo sijui mimi ni nani hapa nyumbani.

Leo asubuhi nikasikia beseni linaburutwa sakafuni. Mama. Akachuchumaa pale pale ulipokuwa ukichuchumaa wewe, magoti yanalia. Akaukamata mguu wangu wa kushoto, akaanza kuusugua kama sahani ya wageni.

"Si huo, Mama," nikamwambia. "Ni wa kulia."

Akaniangalia. Miaka yote hiyo hakujua ni upi. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Halafu akaosha yote miwili.

Mtihani nimeumaliza adhuhuri. Baada yake nimeanza barua hii, na Mama yuko hapa kando yangu, kila kitufe anauliza cha nini. Ananisumbua kwelikweli. Nimekukumbuka sana, Baba, lakini leo nimekukumbuka huku nafanya kazi.

Pumzika. Mguu ni safi.

Binti yako