Dozi ya Samia

Tingi, 8 Julai 2001

Mdogo wangu Esha,

Assalaam alaikum. Sisi wazima, ila wifi yako Samia. Utando mweupe umerudi mdomoni, safari hii umeshuka mpaka kooni. Hata uji anaumeza akilia. Zile kapsuli za dukani kwa Jerome mwaka jana zilimsaidia upesi. Sasa amemeza tano, kama amemeza maji. Shambani nako balaa hilohilo: nimepiga mikorosho dawa mara mbili, lakini ule ukungu wa ubwiriunga umefunika maua yote, meupe. Nimechoka. Nitumie dawa kali, ya Samia na ya mikorosho.

Kaka yako,
Abilahi

Lindi, 15 Julai 2001

Kaka Abilahi,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mpe pole wifi.

Nijibu bila kuzunguka. Mwaka jana nilikuandikia azimeze kapsuli siku kumi na nne. Alimeza siku ngapi? Na dawa ya mikorosho unaipima, au bado unaongeza maji ili itoshe shamba zima?

Fangasi ukizipiga dawa kidogo, zinakufa zile dhaifu. Ngumu zinabaki, zinazaana, na dawa ileile haiziwezi tena. Mdomoni ni hivyo, kwenye mkorosho ni hivyo. Bwana shamba wa hapa anasema urudi kwenye ile dawa ya unga, salfa. Samia mlete hapa hospitali ninakofanya kazi. Usinunue kapsuli hata moja.

Mdogo wako,
Esha

Tingi, 24 Julai 2001

Esha,

Marahaba. Siku nne. Alipoanza kula nikaona amepona, zilizobaki nikampa jirani yetu Valentini, mkewe alikuwa na ugonjwa huohuo. Ningemnyimaje? Na maji naongeza, kila mtu hapa anaongeza. Unaandika kana kwamba nilikusudia.

Samia hataki kuja. Anasema mtampima damu, kisha Tingi nzima itajua. Nimembembeleza, nimegomba, ananigeuzia mgongo.

Kaka yako,
Abilahi

Lindi, 2 Agosti 2001

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imeniliza kazini, kwa hasira. Mwambie wifi damu yake nitaipeleka maabara mwenyewe, na majibu atapewa yeye tu. Wewe hutayasikia kwangu. Lakini koo likifunga, hiyo siri atamtunzia nani? Nawasubiri Jumatatu ya tarehe 13. Msipokuja nitakuja mimi, na nitakugombeza mbele ya wakwe zako.

Mdogo wako,
Esha

Tingi, 30 Septemba 2001

Mdogo wangu Esha,

Alhamdulillahi. Tangu mlipomruhusu kutoka wodini, Samia anakula. Ile dawa ya dripu mliyoiagiza Dar imemrudisha. Jana alimaliza ugali na dagaa, akalalamika chumvi imezidi. Habari ya damu yake ameniambia mwenyewe, nami nimepimwa, tutazungumza ukija. Korosho za mwaka huu ndiyo basi, salfa imefika maua yameshakauka.

Sasa mke wa Valentini naye hamezi. Nimewahimiza waje kwako, wanafunga safari kesho. Kisha nikaenda kwa Jerome, nikamwambia aache kuuza kapsuli mojamoja. Hakukasirika. Aliniuliza, "Mwenye uwezo wa kapsuli tatu tu, nimfukuze?"

Nimemwambia nitakuuliza wewe. Wewe ndiye uliyesoma. Nikamwambie nini?

Kaka yako,
Abilahi