Bwambale Yupi?

Bwera, Juni 2015

Masereka, ndugu yangu,

Nakuandikia kwa hasira, uniwie radhi, ingawa hasira yangu uliijua tangu ukiwa hai. Timu imeshuka. Nimeanza na hilo ili usije ukasoma ukurasa mzima ukingoja habari njema, kama ulivyokuwa ukingoja matokeo na redio umeibana sikioni. Tumetoka ligi ya kanda, tumerudi ligi ya wilaya, kwa upungufu wa pointi mbili, na kosa ni langu. Nusu yake ni langu. Mwenye nusu ya pili utamjua humu humu, usijifanye umelala.

Kwanza nikulaumu. Miaka yote uliyokuwa meneja wa timu ile hukuandika hata mstari mmoja. Nani ana kadi ngapi, nani amefungiwa, leseni ya nani imekwisha, yote uliyabeba kichwani. Kila nilipokuambia tununue daftari ulicheka: "Hajji, mupira iko kwa kichwa, hapana kwa karatasi." Haya. Septemba ukalazwa hospitali ya misheni kule Kisinga, ligi ndiyo kwanza ina mechi mbili, ukanishika mkono ukasema, "Hajji, timu isianguke." Nikaitikia. Ningefanya nini mbele ya mtu anayepumua vile? Siku ya nne ukaondoka, na kichwa chako chenye rejista yote tukakizika nawe pale mlimani kwenu, karibu na kahawa yako. Mimi mwenye lori, ambaye kazi yangu ilikuwa kuwapeleka vijana uwanjani na kuwarudisha, nikajikuta meneja.

Halafu hayo majina yenu! Nimeishi na Wakonzo tangu nilipohamia Bwera na biashara ya chumvi, na bado mnanishangaza. Mtoto wa kiume wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka kama wewe, wa nne Kule. Jina linamngoja mtoto kabla mama yake hajajua kama ana mimba. Nilikuwa nauona utaratibu mzuri mpaka nilipokalishwa kujaza fomu ya wachezaji. Baluku watatu, Bwambale wanne! Refa mmoja aliniuliza kama namfanyia mzaha. Wewe uliwatenganisha kwa kuwatazama tu. Mimi nikisimama pembeni ya uwanja nikaita "Bwambale, rudi nyuma!", wanarudi wote wanne na mbele habaki mtu.

Ulikosa mengi, hasa kombe. Tulipita raundi mbili, tukapangiwa timu ya ligi kuu kutoka Kampala, mechi ichezwe Kasese. Vijana walipanda Fuso yangu ambayo asubuhi hiyo niliishusha chumvi ya Kabatoro, wakafika makalio meupe, wageni wakatucheka. Dakika ya sabini bado bila bila, na wageni hawacheki tena. Mwanao John, huyo Bwambale wako, akamwangusha winga wao karibu na kona, akapewa kadi ya njano, na mama mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Refa, ule mutoto amegusa mupira! Weye uko na macho?" Tulifungwa moja mwishoni kabisa. Nilirudi nimepoteza sauti, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu tukuzike. Nilitoa simu nikupigie. Kweli tena, nililitafuta jina lako, nikalipata, ndipo nikakumbuka.

Sasa ile kadi ya John ndiyo iliyotupoteza. Wiki tatu baadaye ikaja barua ya ofisi ya ligi: Bwambale J. amefikisha kadi tatu za njano, asicheze mechi inayofuata. Bwambale J.! Tunao wawili, John wako na Joseph, yule beki wa kushoto. Namba ya leseni ilikuwa imeandikwa pale chini, sikatai, kwa herufi ndogo, na miwani yangu niliiacha nyumbani. Mimi nikaiona kadi ya Kasese mbele ya macho yangu, nikasema ni John. Sikukumbuka kwamba kadi za kombe hazihesabiwi kwenye ligi, na kwamba mwenye kadi tatu za ligi alikuwa Joseph.

Nikaisoma barua mbele ya wote nikamwambia John, "Wewe leo uko nje." Akavua jezi, akaikunja vizuri, akampa mwenzake. Mechi nzima alizunguka na maji huku akiwahimiza wenzake wakaze. Joseph naye, nani angekataa kucheza? Alicheza vizuri kuliko siku zote, mpuuzi yule. Tuliwafunga Kabatoro mbili bila, tukaimba njia nzima mpaka Bwera.

Kumbe Kabatoro wana katibu anayeandika kila kitu. Kesho yake tu walipeleka malalamiko kwamba tumemchezesha aliyefungiwa. Tukanyang'anywa pointi zote tatu wakapewa wao, na haki ilikuwa yao.

Nilimkuta John sokoni Mpondwe nikamgombeza mbele za watu. "Ulijua huna kadi tatu, kinywa unacho, kwa nini hukusema?" Akainamisha kichwa akajibu polepole: "Baba alituambia hapana bishana na Hajji. Alisema Hajji iko na hasira, lakini iko mutu muzuri, tumuache tu."

Masereka! Tumuache tu! Miaka yote hiyo nilidhani vijana wananyamaza nikisema kwa sababu nasema maneno ya maana. Kumbe uliwapanga! Na ulipokuwa unakufa hukukumbuka kuwaambia kwamba sasa yule mzee hana wa kumkosoa. Mwenye kunikosoa ulikuwa wewe. Tulibishana kila siku ya Mungu, juu ya kona, juu ya mvua, juu ya chai iliyozidi tangawizi, na kazi hiyo hukumwachia mtu. Hiyo ndiyo nusu yako ya kosa. Nimekaa nayo miezi miwili na bado inaniuma, kwa sababu nimekukosa sana, na sina wa kumwambia ila wewe.

Siku ya mwisho ilikuwa lazima tuwafunge Rukoki. Nilijaza fomu na miwani usoni. Nilimwita kila kijana peke yake, leseni mkononi, nikamuuliza jina la dini, jina la baba, namba ya jezi. Refa alipouliza Bwambale yupi ni yupi nilimtajia wote wanne bila kuchungulia karatasi. Tukatoka moja moja. Goli alifunga John, na Baluku mmoja, nitamsitiri, akapaisha penalti. Nilipiga hesabu kabla hata hatujatoka uwanjani. Zile tatu za Kabatoro zingetubakiza.

Vijana walipokwisha kupanda lori niliwaambia nimemaliza. Nimeshindwa kulitimiza neno la marehemu, nimewashusha, watafute meneja mwingine mwenye macho. Hakuna aliyenijibu, ndivyo ulivyowafundisha. Nikafungua mlango nipande nyuma ya usukani. Ndipo John akasimama kule juu, kwenye magunia matupu, akasema kwa sauti mbele ya wote: "Hapana, Hajji. Hapo uko nakosea."

Nilikasirika. Niligeuka nimuulize anajua anazungumza na nani. Badala yake nilishikilia mlango wa lori nikalia, mtu mzima na kofia yangu kichwani, na vijana wako wakashuka mmoja mmoja wakanizunguka. Joseph ndiye aliyelia zaidi, eti yeye ndiye aliyepaswa kusema siku ile kwamba kadi ni zake. Nilimwambia anyamaze.

Basi ahadi yangu ni hii: nakaa nao. Ligi ya wilaya na vumbi lake, nitakuwa nao mpaka tupande, na tukishapanda nitabaki tusishuke tena. Sijui mnavyoombeana huko kanisani kwenu. Mimi nakuombea kwa namna yangu, kila Ijumaa, na nadhani inakufikia. Pumzika, Masereka, umechoka na sisi vya kutosha.

Naishia hapa kwa sababu John yuko mlangoni. Mazoezi tunayaanza baada ya Idi. Nimesema saa tisa, yeye anasema jua litawaua watu, iwe saa kumi na moja. Nimemwambia mara tatu kwamba nimeshaamua, na bado hajaondoka.

Ni mimi,
Hajji